Zamu ya Bwana Gillard

Mtu akikuuzia kitu, na kabla hujakitoa mlangoni kwake akawa amelala usingizi wa pono, kirudishe. Usiulize mengi. Théodore hakukirudisha, na ndiyo maana kuna nyumba moja kule Bagira, mtaa wa Bukavu, ambayo taa yake haizimwi.

Ilikuwa Kavumu, mchana mweupe, mwaka ule Wabelgiji walipokuwa hawana habari nyingine ila maonyesho yao makubwa ya Brussels. Bwana Gillard, mzungu wa kahawa, alikuwa ameketi barazani mbele ya sanduku la chuma lenye rangi ya majani makavu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mchoma makaa. Wakati wa vita alikuwa afisa wa mawasiliano katika jeshi lililokwenda kupigana Abisinia, na sanduku lile alirudi nalo kutoka huko. Lilikuwa posti, yaani redio ya mawimbi mafupi, ya kupokea na ya kutuma, zote mbili katika kasha moja, pamoja na kibonyezo chake cha Morse na kaski ya masikioni.

Aliyekuja kuinunua ni Théodore, mtu wa telegrafu wa posta ya Bukavu. Alifuatana na Firmin, mwenzake wa kazini, aliyekuja kusaidia kubeba na kutoa maoni, na kwa maoni hakuwa mchoyo.

"Kule posta," Bwana Gillard aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "pa kubadilisha zamu munasemaka neno gani?"

Théodore alidhani anataniwa. Desturi ile kila mtu wa telegrafu aliijua: huachi kiti mpaka mwenzako afike, akuwekee mkono begani, aseme neno lake. Hata tumbo likukate, unakaa. Mashini haiachwi bila mtu.

"Tunasemaka 'nakupokea', Bwana."

"Basi uniwekee mukono, useme. Ni desturi muzuri. Mimi naiheshimu."

Firmin akacheka chini chini. Théodore aliona haya kumshika mzungu bega, maana siku zile jambo hilo halikuwa dogo, lakini biashara ilikuwa imekwenda vizuri na lori la mboga lilikuwa linawangoja barabarani. Akanyoosha mkono.

"Nakupokea, Bwana Gillard."

Mzungu alishusha pumzi ndefu. Kidevu kikamwangukia kifuani, na kabla Firmin hajamaliza kucheka, mtu yule alikuwa anakoroma. Mpishi wake, mzee Modeste, akatoka mbio jikoni, akapiga magoti kando ya kiti na kuanza kulia.

"Amelala," alisema. "Yezu Maria, amelala."

"Sasa unalilia nini, muzee?" Firmin akauliza.

"Nalia juu ya furaha." Lakini alimtazama Théodore kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Muende nayo. Muende mbiyo, kabla aamuke."

Wakaenda nayo.

Sasa msimhukumu upesi. Théodore hakuwa mpumbavu. Alikuwa mchovu tu, na hayo mawili watu huyachanganya. Kwa miaka mingi alikaa posta akipeleka maneno ya wengine: bei ya kahawa, harusi, mizigo iliyokwama Uvira, na vifo. Alikuwa amepeleka vifo vingi kuliko padri wa parokia. Neno lake mwenyewe hakuwahi kulipeleka popote. Tamaa yake ilikuwa ndogo: jioni akae kwake, aite hewani, na mtu asiyemjua, wa Dakar au wa Lisbonne, amjibu na kumuuliza kama mvua imenyesha. Ruhusa ya kuwa na posti nyumbani ilichelewa hata akaanza kuisahau, na ilipofika na muhuri wake, hata furaha yake ilifika imechoka.

Ikabaki kuchagua. Firmin alisema anunue kwanza mashini ya kusikiliza tu. "Masikio kwanza, kinywa kiisha," alisema. "Sikiliza mwaka muzima, ujue batu banaongeaka namna gani, ndipo ununue ya kutuma." Lakini ile mpya ya kwenye katalogi ya Brussels ingepanda meli mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Kigoma, kisha ziwa, kisha lori. Théodore aliona atazeeka akiingojea. Njia ya pili ilikuwa kuijenga mwenyewe kwa lampu za radio zilizokufa, na mkewe Georgette aliuliza kwa upole kama sufuria zake zitahamia kwa jirani. Ya tatu ilikuwa sanduku la Gillard: zito, lenye uchu wa umeme, namba zake zimefutika kwa vidole vya watu, lakini limekamilika, wimbi lake halitangatangi, na liko tayari leo. Rahisi ghali, wahenga walisema. Wahenga nao hawakufanya kazi posta.

Jioni ya siku ile ya Kavumu alifunga waya wa antena kutoka paa la nyumba mpaka kwenye mkalitusi wa nyuma. Georgette alikuwa anageuza bugali, na binti yao Colette, aliyekuwa ameanza shule kwa masista, alikuwa anaimba namba zake chini ya meza. Théodore akawasha. Lampu zikapata moto polepole, na harufu ikatoka.

"Inanuka nini?" Georgette akauliza kutoka jikoni.

"Vumbi. Inaungua."

Haikuwa vumbi. Ilikuwa harufu ya blanketi la sufu lililolowa, viatu vya askari, na jasho la mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu. Théodore akavaa kaski. Hakusikia muziki, hakusikia ngurumo za mbali wala filimbi za vituo, hakusikia chochote kati ya vitu ambavyo hujaza mawimbi mafupi jioni. Palikuwa na ukimya. Kisha zikaja herufi, kubwa na wazi kana kwamba zinagongwa nyumba ya pili.

NANI ZAMUNI.

Moyo wake uliruka kwa furaha, maskini. Kiswahili! Wa kwanza kumwita hewani alikuwa mtu wa kwao! Akabonyeza: THÉODORE. BUKAVU. Akauliza habari, akauliza mahali, akauliza mvua.

VIZURI, likajibu. Basi.

Aliita Dakar, aliita Lisbonne, aliita dunia nzima. Dunia haikuwepo. Kila alipozungusha kitufe, upande wowote, alikuta ukimya ule ule, na ndani yake, baada ya muda, swali lile lile. Alipokwenda kulala, macho yake hayakufumba. Hayakukataa kwa mawazo wala kwa joto. Yalikataa tu, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Siku zikaenda hivyo. Mchana posti ilinyamaza, kana kwamba inajua yuko zamuni kwingine. Jua likianza kushuka nyuma ya vilima, inaanza. Alijaribu kung'oa waya wa umeme. Kibonyezo kikaendelea kucheza peke yake, tik, tik, juu ya meza. Akaacha kuvaa kaski, kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

"Isijibiwe leo," Georgette alimnong'oneza. Yeye pia alikuwa anasoma Morse. Théodore alipomchumbia kule Nyantende, mbele ya wazazi wake wakali, alikuwa anamgongea maneno ya mapenzi kwa kijiko juu ya meza, naye akajifunza herufi ili ajue anaambiwa nini. "Tuone itafanya nini."

Walikuja kuona bila kutaka. Jioni moja mvua ilikata barabara ya kutoka mjini, na Théodore akapanda Bagira kwa miguu, matope mpaka magotini, jua likiwa limekwisha kuzama. Kutoka mbali alisikia nyumba yake inagonga, na alipofungua mlango harufu ya sufu ilimkaba koo, na kibonyezo kilikuwa kinapiga kwa hasira, NANI ZAMUNI, NANI ZAMUNI, na Georgette alikuwa amesimama katikati ya chumba na Colette mikononi, mtoto macho wazi, midomo imeanza kubadilika rangi, na pumzi yake ilikuwa inaingia fupi fupi, kisha ndefu, kisha fupi, kisha haiingii kabisa mpaka herufi inayofuata, na Théodore, ambaye masikio yake hayakuhitaji kufikiri, alijikuta anaisoma pumzi ya mwanawe, na pumzi ilikuwa inasema NANI.

"Anapumua sawa vile ile kitu inaongea," Georgette alisema kwa sauti ndogo. "Nilibonyeza jina yangu, ikakataa. Papa Colette, jibu. Jibu!"

Akarukia meza, akabonyeza jina lake. VIZURI, likajibu. Colette akakohoa, akalia, akalala. Tangu siku hiyo Théodore hakuchelewa tena.

Firmin, aliyemwona anasinzia kazini bila kulala, asijue chanzo ni sanduku, ndiye aliyemtaja Mwalimu Sefu, mtu wa Kasongo aliyekaa Kadutu na kusomea watu wenye mashetani. Wao walikuwa Wakatoliki na Georgette aliona aibu kidogo, lakini padri alikwisha kunyunyiza maji ya baraka, na posti ilikuwa imeyanywa bila kusema asante.

Mwalimu alikuja saa ya watu kupumzika, mtaa wote kimya. Alichoma ubani, akaweka maji katika bakuli jeupe, akasoma kwa muda mrefu. Sanduku, ambalo mchana halikuwahi kusema, likaanza kugonga polepole.

"Inasema nini?" Mwalimu akanong'ona.

Théodore akatafsiri herufi kwa herufi. "Inasema: mulima. Baridi. Hakuna mutu alikuja kunipokea."

"Muulize, ni weye uliyekufa pale?"

Kibonyezo kikagonga tena.

"Inasema hapana," Théodore alisema. "Inasema: nilikuta kiti."

Mwalimu Sefu akafunga kitabu chake.

"Sikia, mutoto yangu. Kama ingekuwa muzimu, tungeipatia pombe ya kasiksi, tungeiomba, ingeenda kupumuzika. Muzimu iko na kwabo. Hii ni jini ya ule mulima. Ilikuta askari amekufa mukono mu mashini, zamu haina mwenyewe. Ikaingia mu zamu. Tangu ile siku inauliza tu, na mutu hai lazima aitike."

"Tuitupe mu lac, izame," Georgette alisema.

"Maji haimalizi zamu, mama. Bwana yako ataitikia nini, na mukono gani? Na mutoto atapumua namna gani?" Akakusanya vitu vyake. "Kuna njia moja. Mutu mwingine aweke mukono, aseme lile neno kwa roho yake. Ni vile ule muzungu alikufanyia. Mimi sikukuambia ufanye."

Mlangoni aligeuka, akasema pole, na kweli ilikuwa pole.

Théodore akakataa. Nani angempa? Akaapa kwa jina la mama yake kwamba neno lile halitatoka katika kinywa cha mtu yeyote juu ya bega lake. Ni kiapo kizuri, lakini bandu bandu huisha gogo. Mtu asiyelala haanguki siku moja, anapungua. Alianza kusahau majina. Aliweka chumvi katika chai akainywa. Siku moja, kazini, alipeleka kifo kwa nyumba isiyo yake: familia moja ya Nyantende ikanyoa nywele, ikaanza kulia, wanawake wakajitupa chini, na yule aliyesemwa amekufa akaja kutoka shambani na jembe begani kuuliza wanamlilia nani. Mkuu wa posta alimwambia kosa lingine kama hilo na kazi imekwisha.

Jioni hiyo alikaa mbele ya sanduku akicheka peke yake, machozi yakimtiririka. Georgette alimtazama. Akaosha mikono, akaipangusa kwenye kitenge, akamwendea kwa nyuma.

"Mama Colette, hapana," alisema bila kugeuka, maana aliujua mwendo wake. "Niliapa."

"Weye ndiye uliapa. Mimi sikuapa."

"Georgette, nakuomba. Usiseme."

"Nani alinifundisha hizi herufi? Ukifa, tutakula nini? Na hii kitu itauliza nani?" Mkono wake ulikuwa wa joto begani mwake. "Nakupokea, Papa Colette."

Alitaka kusema hapana. Usingizi ulimwangukia hapo hapo mezani, na Georgette akamsukuma taratibu mpaka mkekani, akakaa kwenye kiti kikiwa bado na joto. Sanduku likauliza. Akajibu jina lake. VIZURI.

Théodore aliamka jioni ya pili. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kivu: mwili mwepesi, njaa, sauti za majirani, harufu ya maharage. Kisha akasikia tik, tik, na akamwona mkewe ameketi wima, mgongo kwake.

"Kula," ulisema mgongo ule. "Nilikuachia chakula."

Akakaa siku nyingi mno kwenye kiti kile, Georgette. Hakutaka kumrudishia, kila Théodore akisogea alimpiga mkono: pumzika kwanza, urudishe akili, ufanye kazi. Akakonda. Aliyekuwa anaimba akipepeta mchele akawa anatazama ukuta. Na Théodore, nitasema ukweli, aliruhusu. Alikuwa anajua anachofanya, na bado alilala. Usingizi ni mtamu kwa aliyeukosa, na aibu yake ilikuwa inaanza tu akiwa amekwisha kuamka.

Ndipo Firmin akaja, jioni, amevaa shati jeupe la Jumapili. Ruhusa yake nayo ilikuwa imetoka! Alicheza kidogo pale mlangoni.

"Kaka, nichague gani? Katalogi nilisoma mpaka karatasi ikapasuka. Na nikasema: Théodore hatumiki na yake tena, ni bibi yake anacheza nayo. Uniuzie ile. Nitabeba leo leo."

Kibonyezo kikaacha kugonga. Georgette aligeuza kichwa polepole, macho mekundu ndani ya mashimo yake, akamtazama Firmin: meno yake yote nje kwa kicheko, na mkono wake uliokuwa tayari umetua juu ya kasha. Théodore alijua kwamba sentensi moja ingetosha. Weka mukono kwa bega ya shemeji yako, Firmin, useme lile neno letu la kazi. Ni mila. Angefanya huku anacheka.

"Masikio kwanza," Théodore alisema, "kinywa kiisha. Ni weye uliniambia. Nunua ya kusikiliza tu."

"Sasa hii..."

"Hii haiuzwi."

Kicheko kikamfutika Firmin usoni. "Kumbe uko na wivu," alisema. "Tuko marafiki miaka yote hii, na uko na wivu juu ya sanduku." Akaenda zake bila kuaga, na urafiki wao ukaenda naye.

Georgette akaanza kulia, kilio kisicho na nguvu. "Ungemupatia. Nyamuzinda, Mungu wangu, ungemupatia tu! Ningelala."

"Firmin iko peke yake mu nyumba yake," Théodore alisema. "Akichoka, nani atamupokea?" Akaja nyuma ya kiti. Alikuwa amelala vya kutosha kwa muda. Alijua uzito wa kile anachokwenda kuchukua, na alikichukua. "Sisi tuko wawili, mama. Weye ukichoka, mimi. Mimi nikichoka, weye. Batu banaishiaka na mambo mubaya kupita hii." Akamwekea mkono begani. "Nakupokea."

Alimshika asianguke. Alimbeba mpaka chumba cha ndani, akamlaza kando ya Colette aliyekuwa amekwisha kulala, akawafunika wote wawili kwa blanketi moja. Kisha akarudi, akakaa, akaweka vidole juu ya kibonyezo, akangoja swali lake.

Halikuja. Harufu ya sufu iliyolowa ilipanda taratibu, na sanduku, bila haraka, likagonga maneno ambayo halikuwahi kuyagonga.

MUKO WATATU.

Théodore akatega sikio. Kutoka chumba cha ndani alisikia pumzi mbili, ya mtu mzima na ya mtoto ambaye bado hajajua herufi, zote shwari. Akapeleka alama ile ambayo watu wa telegrafu hupelekeana wanapokuwa hawana jibu: subiri.

NANGOJA, likajibu.